Kioo cha Nchi Thelathini na Mbili

Bibi Rosalia Valerian,
Tandika, nyuma ya mashine ya kusaga,
Temeke, Dar es Salaam.

Kwa Ndugu Fakihi,
Mwenye duka la kompyuta na vioo vyake,
Sinza.

YAH: KUOMBA UCHUKUE KIOO KIKUBWA UNIPE KIDOGO

Ndugu Fakihi, mwanangu,

Habari za huko Sinza. Sie huku wazima, ila mie magoti, na magoti si kosa lako, hivyo siyaweki humu. Mimi sikusoma. Anayeandika ni Jesca, fundi cherehani wa mlango wa pili, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee maneno kama anavyowatengenezea watu viuno. Ukikuta neno kali, ni langu. Ukikuta herufi iliyokosewa, ni yake.

Utanikumbuka. Nilikuja dukani kwako na mjukuu wangu Gaspar, yule mrefu anayetengeneza video za harusi, tukitafuta kioo kikubwa cha kompyuta. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti chako cha kuzunguka bila kukaribishwa. Uliniamkia vizuri, ukaniletea maji, na ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza kabla sijaenda serikali ya mtaa.

Kioo kimefika, kimewashwa, kinafanya kazi. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Malalamiko yangu ni haya.

LA KWANZA: NCHI

Siku ile Gaspar alisema anataka "monita". Mie monita ninayemjua ni yule mtoto wa darasani anayeandika majina ya wapiga kelele mwalimu akitoka. Binti yangu Felicitas, mama yake Gaspar, alikuwaga monita darasa la nne kule Masasi, na alikuwa anaandika mpaka jina la mdogo wake. Kwa hiyo nilishangaa kidogo kusikia monita anauzwa Sinza, lakini mjini vinauzwa vingi.

Ukatuonyesha vitatu. Cha kwanza ukasema ni nchi ishirini na nne. Cha pili, nchi ishirini na saba. Cha tatu, nchi thelathini na mbili. Gaspar akasema ishirini na saba inatosha kwa meza yake. Mie nikajiuliza, hizo nchi zilizoachwa ni zipi, na nani kaziacha? Maana Felicitas yuko Uarabuni, anafanya kazi za ndani, mwaka wa nne huu, na mkataba wake uko karibu kuisha, na tulikuwa tunaongea kama aongeze mwingine au arudi. Mie namwonaga Jumapili kwenye simu, kadogo kama mbegu ya ubuyu. Mtu akitaka kuamua jambo kama hilo anataka amwone mwanawe. Nikakuuliza kwa mdomo wangu, watu wote dukani wakisikia: "Mwanangu, Uarabuni imo?" Ukanijibu: "Bibi, hii yenyewe imetokea Dubai." Nikasema basi, fungeni ya nchi thelathini na mbili.

Gaspar akaninong'oneza kwamba kwa michezo yake ya kompyuta afadhali kingine kilichokuwa pale pembeni, kilichopinda. Nikakataa. Marehemu mume wangu Valerian alikuwa mchongaji wa vinyago pale Mwenge, na kila kilichompindia kwa bahati mbaya alikuwa anamwambia mteja kimepindwa kwa makusudi. Ukaniambia pia kwamba kioo hiki kinarudia picha mara mia na zaidi kabla sijapepesa jicho. Nikakwambia mtu anayerudia jambo mara mia kabla hujapepesa jicho, huyo anaficha kitu. Ukacheka. Kisha ukaongeza neno ambalo nitalirudia huko mbele. Ukasema, "Bibi, rangi zake ni za kweli. Utakachoona humu ndivyo kilivyo."

Sasa nakujulisha. Tangu kifike nakaa mbele yake asubuhi mpaka ugali wa jioni, nikitafuta nchi zangu. Nimeiona Tanzania, yaani harusi za Sinza na Segerea, ambazo ningeweza kuziona bila kununua kitu. Nimeiona Uingereza, kwa sababu Gaspar anacheza mpira wa kompyuta na anasema timu ile ni ya huko. Nimeona kisiwa ambacho watu wanarushwa kutoka angani na kuanza kupigana kabla ya kusalimiana. Nikamuuliza Gaspar ni nchi gani. Akasema, "Si nchi bibi, ni mapu, ramani ya mchezo." Hiyo siihesabu. Nyingine zote hazijatokea, na mpaka Jumapili Uarabuni ilikuwa mojawapo. Nimemwambia Gaspar atazame tena kwenye boksi, pengine zimebaki. Kwenye boksi kuna plastiki nyeupe na waya.

LA PILI: ADABU

Kioo cha zamani kilikuwa kidogo na kilikuwa na adabu. Mtu akipita nyuma ya bibi harusi ulikuwa unajua mtu kapita, basi. Hujui ni nani, hujui kashika nini. Wenye harusi wanakuja, wanatazama, wanalia machozi ya furaha, wanachukua video yao, wanaenda.

Gaspar akaweka kwenye kioo chako sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya binti wa Erasmus, muuza mbao. Tukakaa kutazama mie, Jesca na Erasmus mwenyewe. Binti anakata keki. Nyuma yake kwenye kona yuko Clara, mwenyekiti wa jumuiya yetu, huyu anayetufundishaga kujinyima wakati wa Kwaresima. Anafungua pochi. Anaingiza paja la kuku. Anapangusa vidole. Anaingiza la pili. Erasmus akasema, "Rudisha nyuma." Gaspar akarudisha. Mapaja yakatoka kwenye pochi moja moja, yakarudi kwenye sahani, na kwa muda mfupi nikawa nimemsamehe. Kisha Gaspar akaachia, yakaingia tena.

Habari zilifika barabarani kabla ya Erasmus. Kesho yake akaja Mzee Fransis, mjumbe wetu, kuulizia kama na yeye yumo. Yumo. Amelala wakati wa sala ya kuombea chakula, mdomo wazi. Anataka afunguliwe macho na afungwe mdomo. Gaspar anasema inawezekana. Sasa kila asubuhi benchi langu la nje limejaa kama la zahanati. Mmoja anataka apunguzwe tumbo. Mwingine anataka aondolewe mwanamume aliyekaa naye, kiti kibaki. Clara mwenyewe kaja, kaniamkia, kakaa, kasema, "Bibi Rosalia, nasikia kwenye video kuna kivuli." Nikamwambia, "Kivuli kina mapaja mawili, Clara." Tangu siku hiyo tukifika pa kutakiana amani kanisani, ananiruka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kinaitwa monita. Kazi yake ni kuandika majina.

LA TATU: VIFO

Gaspar akimaliza kazi anacheza, na humo kwenye mchezo anakufa. Zamani alikuwa anakufa kwenye kioo kidogo, kifo kidogo, na mie nilikuwa naendelea kuchambua mchele. Sasa anakufa kwa ukubwa wa mtu. Anaanguka chali sebuleni kwangu, na damu yake ina rangi ya kweli kama ulivyoahidi.

Juzi alikuwa anacheza na wenzake walioko mbali, wanasikilizana kwa vile vidude vya masikioni, akapiga kelele, "Tumekufa wote braza, tumekufa wote." Dirisha lilikuwa wazi. Somoe, jirani yangu wa ng'ambo ya mtaro, akaingia kajifunga kanga kiunoni, analia, anauliza ni gari au ni moto. Nyuma yake wanakuja kina mama na sufuria kubwa la msiba. Nikawaambia hakuna aliyekufa. Somoe akasema kasikia kwa masikio yake, na sufuria limeshatoka, haliwezi kurudi tupu. Ikabidi tupike. Tumekula wali wa msiba wa watu tusiowajua, Mzee Fransis akasimama akatoa pole kwa niaba ya mtaa, na Gaspar akala sahani mbili kwenye msiba wake mwenyewe.

LA NNE: MEZA

Kioo kimemaliza meza yote. Kwenye meza hiyo alikuwa anakaa Valerian. Simaanishi mwenyewe, mwenyewe yuko makaburini. Namaanisha kinyago cha mpingo alichochonga mwaka tuliofika Dar, mzee kainama kidogo, ambacho nakiitaga kwa jina lake kwa sababu hata chenyewe kinagombeza bila kusema. Gaspar kakipandisha juu ya kabati, na kwa kuwa nafasi ni finyu, kinatazama ukuta. Valerian hakupenda kutazama ukuta. Sasa inabidi nimsimulie yote yanayotokea kwenye kioo, na nikimsimulia ya Clara nasikia kama anataka kugeuka.

LA TANO: FELICITAS

Hili ndilo nililokuandikia. Hayo mengine ningeyavumilia.

Jumapili baada ya misa Gaspar akaunganisha simu na kioo chako. Felicitas akapiga. Akatokea mwanangu mzima mzima, uso mkubwa kuliko sinia la pilau. Nikasema, kumbe Uarabuni ilikuwemo, ilichelewa tu. Nikakusamehe la kwanza palepale.

Halafu nikamtazama.

Miaka yote ananiambia, mama niko vizuri, nimenenepa, nina chumba changu. Kwenye simu alikuwa amenenepa. Kwenye simu alikuwa na chumba. Kwenye kioo chako mifupa ya shingo imesimama. Mkononi ana alama ya pasi, imepona vibaya. Nyuma yake nikaona madumu ya sabuni, mafagio, na godoro limesimamishwa ukutani ili apate pa kukaa. Nikamuuliza, "Felicitas, hiyo si stoo?" Akasema, "Mama, kwani si unanionaga kila Jumapili?" Nikamwambia, "Nilikuwa nakuona kadogo." Akacheka. Kisha akageuza simu ikatazama juu, tukabaki na dari. Dari la watu, jeupe, lina taa moja. Tukalitazama dari muda mrefu, na sauti yake akipenga kamasi tulikuwa tunaisikia.

Mkataba unaisha mwezi ujao. Alishaniambia ataongeza mwingine ili tumalizie bati la nyumba, na kwa kuwa alikuwa amenenepa na ana chumba, mie nikamwambia ongeza.

Alipokata, Gaspar akasema, "Bibi, wiki ijayo nitamng'arisha. Nitamjaza mashavu kidogo, na nyuma namwekea maua. Wala hutajua." Nikamwambia, "Mama yako si Clara. Huyo humkati wala humjazi." Akainama, akasema kioo kinamuumiza macho. Kioo hakikuwa kimemuumiza macho. Jesca, hapo futa, ni mambo yake. Jesca hajafuta.

MAOMBI YANGU

Kwa hiyo, Ndugu Fakihi, naomba uchukue kioo hiki kikubwa, unipe kidogo, kidogo kuliko vyote ulivyonavyo. Hata cha nchi moja nitapokea, mradi nchi yenyewe iwe Uarabuni. Kisiwe na rangi za kweli, za kawaida zinatosha. Nikiwasha Jumapili nimkute mwanangu kanenepa kama zamani, kakaa chumbani kwake, aniambie niko vizuri mama, nimwambie ongeza mkataba, nilale.

Na kikiwa kidogo, Clara atarudi kuwa mtu wa kujinyima. Mzee Fransis atakuwa macho. Somoe ataacha sufuria lake mahali pake. Valerian atarudi mezani. Hebu fikiria mwenyewe mtaa mzima utakavyopona kwa kupunguza nchi chache tu.

Sisemi ulinidanganya. Ulisema nitakachoona humu ndivyo kilivyo, na ndivyo kilivyo. Kosa lako ni hilo. Muuzaji mwingine angenionea huruma akanidanganya.

Nisalimie mkeo na watoto. Msalimie yule kijana aliyefunga boksi kwa kamba kama anafunga mbuzi. Msalimie na mama lishe wa mbele ya duka lako aliyenipa chapati nionje, mwambie chumvi ilizidi lakini moyo wake mzuri. Jesca anakusalimu, anauliza kama mna vioo vya kujitazamia. Valerian angekusalimu ila anatazama ukuta. Gaspar anakusalimu pia, na anasema usije, kioo ni cha kazi. Mpuuze, njoo.

Nakutakia biashara njema, isipokuwa ya vioo vikubwa.

Mimi, mama yako wa Tandika,
(dole gumba langu hili hapa, limewekwa kwa wino wa Jesca)
Rosalia Valerian

NYONGEZA

Usije.

Jesca alipomaliza kunisomea barua hii, aliinuka, akavua tepu ya kupimia aliyoivaa shingoni, akaiweka kwenye kona ya chini ya kioo, akaivuta mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Akasema, "Thelathini na mbili. Inchi, bibi. Hizihizi ninazokupimia kiuno, ila kiuno chako kinakizidi." Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu la kwanza. Akasema nilimwambia aandike ninavyosema. Kwa hiyo la kwanza nalifuta. Uarabuni haimo humo wala haikuwahi kuwemo. Alikuwemo Felicitas tu.

Kisha akakunja tepu yake, akasema taratibu, kama mtu anayetafuta sindano, "Gaspar alitaka kumjaza mama yake mashavu ukamgombeza. Na wewe sasa unaliomba duka limjaze." Nimekaa na hilo mpaka chai imepoa. Nimemwambia tu aongeze karatasi.

Tumempigia leo hii, siku ya kazi, kwenye kioo hichohicho. Nimevuta kiti karibu mpaka Gaspar akasema nitaharibu macho. Nikamwambia, "Felicitas, wewe ulikuwaga monita, taratibu unazijua. Huku monita kakuandika. Kaandika shingo, kaandika mkono, kaandika stoo. Usiongeze mkataba." Akasema, "Mama, na bati?" Nikamwambia Gaspar amgeuzie simu amwonyeshe juu, pale panapovuja, na ndoo chini yake. Nikamwambia, "Hilo ndilo dari lako. Sie tumeshalizoea. Njoo ulizoee." Akalitazama muda mrefu. Kisha akauliza kama ile ndoo ya bluu ndiyo ileile ya zamani, na Gaspar akasema ndiyo, mama, ndiyo ileile.

Anarudi mwezi ujao. Mpaka siku hiyo kioo kibaki hapa, na inchi zake zote, nimwone kila anapopiga kama amekula. Akishaingia ndani njoo ukichukue hata bure, maana aliyekaa mezani kwangu simtazami kwenye kioo. Gaspar anasema hukichukui, ana harusi ya Mikocheni, na watu wa benchini hawajaisha. Hayo mtaelewana wenyewe.

Valerian nimemshusha kabatini. Nimemweka juu ya stuli, anatazama mlango.